Mfranjipani wa Kapiteni Bokungu

Gari la gereza lilikuwa lifike saa tisa alasiri kumchukua Mzee Zébédée Kapenda. Saa mbili asubuhi Inspekta Nahum Masengo alikuwa bado ameketi mbele ya karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akilikodolea macho neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa poison, yaani sumu kwa Kifaransa. Aliliandika siku mbili zilizopita bila kukuna kichwa, bila hata kuinua kalamu. Ndivyo kazi inavyokwenda pale Kamina: mshtakiwa anasema Kiswahili chake, pengine Kiluba kilichovalishwa koti la Kiswahili, inspekta anaandika Kifaransa, kisha mshtakiwa anaweka kidole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Halafu kila mtu anarudi kwake, isipokuwa mwenye kidole.

Habari yote ilitoshea kwenye kurasa mbili. Ariane, mke wa Kapiteni Bokungu wa kule Base, kambi ya jeshi, mwanamke wa miaka ishirini na sita, alitapika siku mbili akafa. Daktari aliandika kwamba alikula au kunywa kitu kibaya, basi, akaishia hapo. Wiki ile ile ya maziko, mfranjipani, mti wa maua uliokuwa mbele ya dirisha la marehemu, ukaanza kugeuka rangi. Majani yakawa ya njano, mengine meusi, yakaanguka kila asubuhi. Kapiteni akaunganisha mambo hayo mawili. Jirani naye akakumbuka kwamba alimwona mtunza bustani, Mzee Zébédée, akiurushia mti maji ya chupa. Mzee akaletwa polisi, na maswali hayakuchukua hata nusu saa.

"Muzee, ulitia nini ku ile muti?"

"Dawa, baba."

"Na ile dawa iliuwa?"

"Ndiyo, iliuwa. Iliuwa muzuri sana."

Nahum aliandika: nilitia sumu, sumu ile iliua. Hakuuliza iliua nini. Na sasa kila alipoyasoma maneno yale aliliona kosa lake, maana Kamina nzima dawa ni dawa: ya homa ni dawa, ya panya ni dawa, ya mganga ni dawa, hata ile ya kupaka viatu kuna wanaoiita dawa. Yeye mwenyewe kazaliwa mtaa wa stesheni, hakuwa mgeni wa kusamehewa.

Aliyemfumbua macho alikuwa amesimama mbele ya meza tangu mlango ulipofunguliwa. Ni Phébé, binti wa Mzee Zébédée, mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari ya Wamethodisti. Alikuwa ameisoma karatasi ile jana na kumwonyesha lile neno, na Kifaransa alikijua kuliko ofisi nzima.

"Inspecteur, dawa unaandika poison?"

"Madame Phébé, nilikosea. Nakwambia bila kuficha."

"Basi ukate ile neno, baba atoke. Jana alikohoa mpaka bafungwa wenzake bakalia. Akiingia kule gereza kubwa, atatoka mu sanduku."

Nahum alikuwa amekwisha kujaribu. Asubuhi hiyo hiyo aliingia kwa mkubwa wake, Komanda Kalonji, akamweleza. Komanda alimsikiliza akimenya yai la kuchemsha.

"Kapiteni anapiga simu kila siku," alisema Komanda. "Bibi ya muntu anakufa, hawezi kuwa ameuliwa na upepo. Dossier ya kesi inaenda na jina. Uniletee jina ingine mbele ya saa tisa, ao hii inaenda."

Basi hapo ndipo walipokuwa. Nahum aliinama, akaitoa chupa ya ushahidi iliyokuwa chini ya meza, ile aliyokamatwa nayo mzee. Maabara ya kupima hakuna, na ya Lubumbashi hujibu mwaka unaofuata ikijibu. Akafungua kizibo, akanusa, akachovya kidole, akagusa ncha ya ulimi.

"Sabuni," alisema. "Sabuni ya kipande na majivu."

"Njo ile anatiaka ku maua yote," alisema Phébé. "Hata ya ku kanisa. Sasa twende ku ile muti. Balimufunga baba sababu ya muti, basi muti njo iseme."

Wakapanda pikipiki ya Nahum kuelekea Base. Njiani Phébé alimpiga bega mara mbili asimame. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye ua wa shule, mara ya pili kwenye makaburi, mahali ambapo mifranjipani imepandwa na watu wa zamani kati ya misalaba. Mvua zilikuwa zimekatika wiki tatu zilizopita na baridi ya mwezi wa tano ilikuwa imeanza kuuma asubuhi. Mifranjipani yote, ya shule na ya wafu, ilikuwa na majani ya njano, na chini yake zulia la majani yaliyoanguka.

"Na hii, nani anaitia sumu?" aliuliza Phébé.

Nahum aliyatazama yale majani. Amepita pale maisha yake yote na hakuwahi kuona. Mtu hauangalii mti mpaka amfunge mtu kwa ajili yake.

Nyumba ya Kapiteni ilikuwa katika safu ya nyumba za maofisa zilizojengwa na Wabelgiji, kuta nene, vibaraza vipana, rangi imebabuka. Mlinzi aliwapitisha. Walimkuta Kapiteni Bokungu mwenyewe chini ya mfranjipani, suruali ya jeshi, fulana nyeupe, ndoo mkononi. Alikuwa jitu la mtu, mwana wa misitu ya mkoa wa Équateur, miezi minane tu tangu ahamishiwe Kamina, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyesimama kwenye moshi.

"Inspecteur. Mutu amekwisha kusema. Sasa munatafuta nini tena?"

"Kuangalia muti, mon capitaine. Dakika kumi."

"Angalia. Inakufa kama bibi yangu." Akaimimina ndoo yote kwenye shina. "Kwetu muti haiachaka majani hivi. Kwetu muti iko na majani Noeli mpaka Noeli. Hii ni bubaya ya bantu."

Nahum alimtazama, akaelewa nusu ya kesi papo hapo. Kule kwao mvua haikatiki miezi mitano. Huyu mtu hajawahi kuona mti ukilala.

Phébé alianza kazi kama anavyoanza darasani, bila kuomba ruhusa. Alichuma jani la njano, akalinyoosha.

"Angalia kwanza wapi inaanzia. Majani ya chini, ya zamani, njo ya njano. Ile ya yulu, ya mupya, ingali kijani. Muti ikikunywa sumu, inaungua yote, hata ile ya kichwa. Hii inajivua nguo tu, sababu mvua inaisha."

"Na hii?" Nahum aligeuza jani lingine. Upande wa chini kulikuwa na vumbi la rangi ya machungwa, likabaki kwenye kidole chake.

"Kutu. Ni bugonjwa ya majani, inakuyaka na mvua. Ku shule tuko nayo, ku makaburi tuko nayo."

"Na nyeusi?"

Phébé alichovya kona ya kitambaa chake katika maji yaliyobaki ndooni, akalifuta jani jeusi. Weusi wote ukahamia kwenye kitambaa. Chini yake jani lilikuwa kijani, zima, halina kovu.

"Masizi. Kuko bilulu, tududu tweupe kama pamba. Tule tududu tunanyonya muti, tunatosha inje maji ya sukari, masizi inaota mu ile sukari. Ona." Alikunjua jani jingine. Chini ya mshipa mkubwa kulikuwa na vipande vidogo vyeupe. Aliposugua kwa ukucha vikamomonyoka kama unga mkavu. "Tududu tulikufa. Twote tulikufa. Sabuni ya baba."

*Iliuwa muzuri sana.* Nahum alisikia sauti ya mzee, yenye kujivunia kidogo, sauti ya fundi anayeulizwa juu ya kazi yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mzee yule alidhani inspekta anamuuliza juu ya wadudu.

Kapiteni alikuwa amesikia yote. Hakupenda. Akalivuta tawi moja nene upande wa pili, lililokuwa jeusi kwenye ncha.

"Na hii? Hii nayo ni masizi? Gusa!"

Nahum akagusa. Kidole kilizama. Ngozi ya tawi ilikuwa laini, ndani kuna uji wa kahawia wenye harufu ya kuoza. Huu haukuwa usingizi wala kutu. Phébé aliinama, akafukua udongo kwa vidole vyake pale chini ya shina, ulikuwa matope.

"Kapiteni, munamwanga maji ngapi?"

"Mandoo mbili asubuhi, mandoo mbili mangaribi. Minyi mwenyewe. Tangu siku ya maziko sijaruka hata siku moja."

Phébé alimtafuta Nahum kwa macho, na Nahum naye akaangalia pengine.

"Madame, nakuuliza, ile maji iko na nini?" alisema Kapiteni.

"Mon capitaine, hii muti mvua ikiisha haikunywake. Inalala. Ukiipa maji wakati inalala, inaoza kuanzia chini."

Kapiteni aliiangalia ndoo. Kisha akaiweka chini polepole, wima, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Donc, basi, ni minyi."

Akaenda kukaa kwenye ngazi ya baraza, mikono kati ya magoti. Alikuwa amejitwisha kuokoa kitu kimoja tu kilichobaki cha mke wake, na kitu chenyewe ndicho alichokuwa akikizamisha.

Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imekwisha. Mti haukutiwa sumu, mzee hana hatia, twendeni nyumbani. Lakini Komanda alitaka jina, na Nahum alikuwa bado na jambo moja linalomkera. Matawi mawili yalikuwa yamenyauka kwa namna ya peke yake: si njano, si masizi, si uozo. Majani yake yalikuwa yamelegea na kujikunja, hata yale machanga ya juu kabisa. Aliyafuata kwa mkono kutoka juu kuja chini, mpaka kwenye shina, na pale akasimama.

Magome yalikuwa yamechunwa. Mahali pawili, kila pahali kama upana wa kiganja, kwa urefu wa kifua cha mtu mfupi. Kisu kilipita vizuri, bila kuparuza. Maziwa meupe ya mti yalikuwa yametiririka na kukauka, yamekuwa nyuzi za manjano.

"Baba yako alikata hapa?"

Phébé alisogea, akatikisa kichwa kwa nguvu. "Apana! Angalia kule yulu, pale anapogolea matawi. Ona vile bidonda byake biko." Juu, kila mahali palipokatwa zamani palikuwa pamepakwa kitu cha kijivu. "Majivu. Baba hawezi kuacha kidonda ya muti wazi, anasemaka ni kama kuacha mutoto na kidonda bila kitambaa. Hii haina majivu. Hii si yeye, Inspecteur. Si yeye!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikunjuka. Wa Nahum ulikuwa unakunjamana.

Alilizunguka shina mara ya pili. Jeraha moja lilitazama kule kunakotoka jua. La pili lilitazama kule linakozama. Kusini hapakuguswa, wala kaskazini kwenye dirisha. Bibi yake aliyemlea alikuwa akichuna magome hivyo hivyo, na akimfundisha: toa upande wa asubuhi, toa upande wa jioni, usizungushe mti, maana dawa lazima ipite njia ya jua ndani ya mgonjwa. Mwenye nia ya kuua hajali jua linatokea wapi. Aliyekata hapa alikuwa anatafuta kuponya.

Alimwendea Kapiteni pale ngazini.

"Mon capitaine, mu hii nyumba nani alikuwa anapikia madame?"

"Mama yake. Mama Ngoie. Alitoka Kinkondja, sasa miezi mbili, kumuangalia juu ya... juu ya mambo ya mimba."

"Weye uliona anapika nini?"

Kapiteni alimshangaa. "Ni mukwe wangu, Inspecteur. Nitaingia namna gani mu jiko ya mukwe?"

Ni kweli. Mwanaume mwenye adabu haingii jikoni kwa mama mkwe, hakai naye mkeka mmoja, hata macho hamkazii. Heshima ilikuwa imefunga mlango ule wakati wote, na polisi nao hawakufikiria kuupita.

Jiko lilikuwa nyuma, kibanda cha matofali. Mama Ngoie alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa kwa msiba, miguu imenyooshwa. Mwanamke mfupi. Nahum alichuchumaa, akapiga makofi mepesi, akamsalimu kwa Kiluba.

"Wakomapo, mama."

"Eyo vidye, mwana wangu. Karibia."

Juu ya mafiga kulikuwa na ugwe wa kukaushia samaki wa Ziwa Kisale aliokuja nao. Samaki walikuwa wamebaki watatu. Kando yao palikuwa na kifurushi cha magome makavu, kimefungwa kwa kamba ile ile ya samaki, mahali ambapo yeyote angekiona. Hakikufichwa. Nahum alitamani sana kingekuwa kimefichwa.

"Mama, ile pale ni nini?"

"Dawa."

Neno lile lile. Safari hii akauliza.

"Dawa ya nini?"

"Ya kufunga mimba, isitoke. Ariane alipoteza mimba ine, mwana. Ine! Ku kwao na bwana banaanza kumusema, banasema aoe ingine. Minyi mama yake, niikale tu na mikono?"

"Uliitosha wapi?"

"Hapa hapa ku mulango. Ku muti ya maziwa. Nilifika, nikaiona, nikasema Vidye, Mungu wetu, ni muzuri, iko hata huku! Kwetu Kinkondja iko pembeni ya maji. Mama yangu alinikunywesha, minyi nikazaa saba."

"Ile ya Kinkondja, maua yake iko namna gani?"

Alifikiri. "Kidogo kidogo. Haina harufu."

"Na ya hii ya hapa?"

Mama Ngoie aligeuza uso kuelekea mbele ya nyumba. Maua ya mfranjipani ni makubwa kama kikombe, na harufu yake huingia nyumbani hata dirisha likifungwa.

"Iko na maziwa," alisema, sauti imepungua. "Ukikata, inatosha maziwa. Ni muti ya maziwa."

"Alikunywa mara ngapi?"

"Asubuhi ya kwanza akatapika. Nikasema, dawa inamusafisha tumbo. Nikamuongezea." Akamwangalia Nahum, kisha akamwangalia Phébé aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni. "Weye, madame, bananiambia unafundishaka mambo ya miti. Sema."

"Mama..."

"Sema tu."

"Maziwa ya hii muti haikunywewake, mama. Iko mubaya mu tumbo."

Mama Ngoie hakupiga kelele. Aliinuka kwa shida, akakitungua kifurushi, akakinusa kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kosa katika kitu alichokijua tangu utotoni.

"Alikuwa anasema, mama, hii iko kali sana. Nikamwambia, kunywa tu, mwanangu, kunywa. Nikamushikilia kichwa."

Nahum alitoka nje kwa sababu hakuweza kukaa mle ndani zaidi. Phébé akamfuata, akamshika mkono wa shati.

"Inspecteur, acha. Wende useme tu muti haikutiwa sumu. Inatosha."

"Komanda anataka jina."

"Hata hivi. Huyu mama anafiwa mara mbili leo. Unataka kumuua ya tatu?"

"Na baba yako?"

Phébé aliuachia mkono wake. Ilikuwa saa saba na robo. Walisimama pale wote wawili bila kutazamana, na upande wa mbele wa nyumba Kapiteni alikuwa akitupa udongo mkavu kwa koleo juu ya matope, haraka haraka, kama kwamba jambo hilo lingesaidia kitu.

Aliyekata shauri alikuwa Mama Ngoie. Alitokea mlangoni amejifunga kitenge safi, kifurushi mkononi.

"Ule muzee banamufunga juu ya mwanangu, iko wapi?"

"Ku cachot ya polisi, mama. Saa tisa banamupeleka gereza."

"Twende basi. Saa haingojake muntu."

Kwa Kapiteni hakuaga. Alipita mbele yake ameinamisha uso, kama mkwe apitavyo, na yeye akageuka kando kumpisha, kwa heshima, bila kujua anampisha nani.

Saa nane na nusu walikuwa ofisini. Komanda Kalonji alisikiliza, akauliza jina linaandikwaje, akatoa amri mzee afunguliwe. Hakumwangalia mama yule hata mara moja. Mzee Zébédée alitoka akijishika ukutani, amekonda kwa siku mbili kuliko watu wanavyokonda kwa mwezi, akikohoa. Phébé alimfunika kwa kitenge chake. Mzee alipomwona mwanamke aliyenyolewa ameketi kwenye benchi alipokuwa akikaa yeye, akavua kofia.

"Pole, mama, juu ya mutoto."

"Aksanti, muzee. Unisamehe."

Mzee hakuelewa anaombwa msamaha wa nini, na hakuna aliyemwambia. Akamgeukia binti yake. "Ile franjipani ya kapiteni, bile bilulu bilirudia?"

"Apana, baba. Bilikufa byote."

"Nilimwambia Inspecteur," alisema mzee. "Nilimwambia iliuwa muzuri." Wakatoka taratibu, hatua moja, kikohozi, hatua nyingine.

Nahum alichukua karatasi mpya. Jina, umri unaokadiriwa, mahali alipozaliwa, Kinkondja. Kalamu ilikwenda vizuri mpaka hapo.

"Mama, sema sasa. Ulifanya nini?"

"Nilimupa mwanangu dawa."

Kalamu ikasimama. Nje gari la gereza likapiga honi. Mwaka mzima gari lile hufika kesho yake au halifiki kabisa. Siku hiyo lilifika kwa wakati.

"Mbona hauandike?" aliuliza Mama Ngoie.

"Natafuta neno, mama."

"Kwa ule muzee uliandika neno gani?"

"Poison. Sumu. Nilikosea."

"Na kwa minyi unataka kuandika gani?"

"Médicament. Ile ya kuponyesha." Nahum aliinamia meza. "Nikiandika hii, muzuji wa mahakama ataona ulitaka kumusaidia. Itakuwa tofauti kubwa, mama. Kubwa sana."

Mama Ngoie alikifungua kile kifurushi juu ya meza, akayapanga magome mawili mawili, ya asubuhi upande mmoja, ya jioni upande mwingine.

"Ile ya kuponyesha ingemuponyesha," alisema. "Andika ile ya muzee."

Akanyoosha kidole gumba, kabla hata wino haujaletwa.